Nani Alifyatua Kwanza?

Baa ina giza na moshi. Han Solo amekaa kwenye kona, mgongo ukutani, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Ng'ambo ya meza ndogo amekaa Greedo, kiumbe wa kijani mwenye macho makubwa meusi, bastola mkononi, anamkumbusha deni. Han anajibu kwa sauti ya chini. Mkono wake wa kushoto unachezea ukuta, unakwangua-kwangua kama wa mtu aliyechoshwa na maongezi. Wa kulia umeshashuka chini ya meza na unafungua mkoba wa bastola polepole. Greedo anasema siku hii ameingoja muda mrefu. Han anamwambia hana shaka kwamba ameingoja. Kisha mwanga, mlio, moshi, na Greedo kalalia meza.

Ndivyo watu walivyoliona tukio hilo mwezi Mei 1977, Star Wars ilipotoka. Aliyeiangalia filamu hiyo hiyo mwaka 1997 aliona kingine: Greedo anawahi kufyatua, umbali wa meza moja, na anakosa. Risasi yake ya mwanga inapiga ukuta huku kichwa cha Han kikisukumwa pembeni kwa kompyuta, mruko wa ghafla ambao shingo haikushirikishwa. DVD za 2004 zikawafanya wafyatue karibu kwa pamoja. Na Novemba 2019, huduma ya Disney+ ilipofunguliwa, Greedo alikuwa ameongezewa neno la mwisho, "maclunkey", ambalo kwa miaka 42 hakuwa amelitamka mezani pale.

Tukio la sekunde chache, na limeshapita mikononi mwa fundi mara kadhaa. Mashabiki wamelifanyia utani, wamelichapisha kwenye fulana ("Han alifyatua kwanza"), na George Lucas mwenyewe, aliyeiandika na kuiongoza filamu ile, amewahi kupigwa picha akiwa ameivaa fulana ya namna hiyo. Lakini naona tumelicheka tukio hili kwa muda mrefu mno bila kulisikiliza. Ugomvi wote wa mashabiki kuhusu urithi wa Star Wars, nani aliujenga na nani aliuvuruga, umekaa kwenye meza ile ya Greedo.

Ukiwauliza wanaogombana, kila mmoja ana tarehe yake ya msiba. Yuko anayesema mambo yaliharibika 1999, Jar Jar Binks, kiumbe mchekeshaji wa The Phantom Menace, alipofungua mdomo. Yuko anayesema ni Oktoba 2012, Disney iliponunua kampuni ya Lucasfilm kwa dola bilioni 4.05. Wengi zaidi, na wenye sauti kubwa zaidi, watakutajia Desemba 2017 na filamu ya The Last Jedi, Luke Skywalker, shujaa wa filamu za kwanza, alipokabidhiwa upanga wake wa mwanga na kuutupa nyuma ya bega kama ganda la ndizi. Wazee wa kundi wanakwenda mbali zaidi: 1983, vile vidubu vya msituni vilivyoangusha jeshi la Himaya kwa mawe na magogo.

Kisha huja mtu mwenye busara ya kupatanisha, akasema kila mmoja anapenda filamu alizoziona akiwa na miaka kumi. Ni kweli, na ni kweli kwa muziki, kwa mpira, kwa kila kitu kinachomkuta mtu utotoni. Kwa hiyo haielezi jambo hili hasa. Shabiki wa kawaida akichukizwa na filamu husema sikuipenda, akaenda zake. Shabiki wa Star Wars husema ifutwe. Wiki chache tu baada ya The Last Jedi kutoka, maombi ya mtandaoni ya kutaka filamu hiyo iondolewe kwenye hadithi rasmi yalikuwa na saini zaidi ya 100,000. Mwaka uliofuata wakaja wengine waliotangaza kwamba watachangisha fedha itengenezwe upya. Watu waliwacheka, nami nilicheka. Baadaye nikajiuliza: wazo kwamba filamu iliyokwisha kutoka, iliyokwisha kuonwa na mamilioni, inaweza kurudishwa karakana na kutolewa tena ikiwa kitu kingine, walilitoa wapi?

Walifundishwa. Na mwalimu alikuwa mwenye mali.

Lucas alipoingia mkataba na kampuni ya Fox miaka ya sabini, alikubali malipo madogo ya uongozaji, naye akabaki na haki za filamu zitakazofuata na haki za bidhaa: vikaragosi, vikombe, mashuka. Wakati ule hakuna aliyeona kama ni dili la maana. Mafanikio ya 1977 yakamfanya tajiri, akagharamia mwenyewe The Empire Strikes Back ya 1980, na tangu hapo hakuwa na bosi. Husifiwa sana kwa hilo, na anastahili. Lakini asiye na bosi pia hana wa kumwambia basi, iache. Januari 31, 1997, kusherehekea miaka 20, filamu ya kwanza ilirudi kwenye majumba ya sinema ikiwa na picha mpya za kompyuta, nyingine mbili zikafuata, na ile ya kwanza peke yake ikaingiza zaidi ya dola milioni 130 Marekani. Mji wa Mos Eisley ulijazwa wanyama wanaopita mbele ya kamera. Jabba, jambazi anayemdai Han, aliongezwa katika filamu ambayo hakuwemo. Katika Return of the Jedi ya 1983 wimbo wa ikulu ya Jabba ukabadilishwa, na ule wa mwisho, wa vidubu, nao ukabadilishwa. Mwaka 2004 hata sauti ya Boba Fett, mwindaji wa watu kwa malipo, ilirekodiwa upya na mwigizaji mwingine. (Sauti ninayoiombea isiguswe ni ya Nien Nunb, rubani msaidizi wa Lando mwenye mashavu yanayoning'inia: alipewa na mwanafunzi kutoka Kenya, Kipsang Rotich, aliyezungumza lugha halisi ya Kiafrika kati ya viumbe wote wale wa kubuni.)

Baadhi ya marekebisho hayo hayana ubaya. Mipaka ya viboksi iliyokuwa inaonekana kuzunguka vyombo vya anga ilisafishwa, na mji wa mawinguni ukapata madirisha. Tatizo halikuwa uzuri au ubaya wa kiraka kimoja kimoja. Tatizo ni kwamba nguo ya zamani iliondolewa sokoni. Baada ya 1997, aliyetaka kununua filamu ya 1977 kama ilivyokuwa 1977 alibaki na mikanda ya zamani ya video. Mwaka 2006 matoleo ya awali yalitolewa kwenye DVD kama nyongeza, kwa picha hafifu iliyotokana na nakala ya LaserDisc (santuri kubwa za video za zamani) ya 1993, ni kama mwenye duka amekuuzia kwa shingo upande ili usirudi kumsumbua. Ndipo mashabiki wakaanza kusaka reli za milimita 35 zilizosalia, kuzipitisha kwenye skana, kufuta mikwaruzo fremu baada ya fremu, kazi ya miaka, bila malipo na bila ruhusa. Urithi ukawa unatunzwa na wavunja sheria.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa toleo la 1997. Niliipenda nikiamini ndiyo. Siku niliposikia kwamba Han ndiye aliyefyatua, na kwamba Greedo hakupata nafasi, sikuona kama nimeambiwa habari ya filamu. Niliona kama nimeambiwa jambo kuhusu Han ambalo ndugu walikuwa wamenificha. Maana safari yake yote, kutoka mhuni anayeua ili asilipe deni hadi mtu anayerudi kumwokoa rafiki bila malipo, huanzia chini ya meza ile. Ukimfanya anajitetea tu, umempunguzia umbali wa kutembea.

Lucas ana hoja, na si ya kupuuzwa. Amesema mara nyingi kwamba filamu ya 1977 ilitoka ikiwa nusu ya alichokikusudia, fedha na teknolojia ya wakati ule vikiwa vimemkwamisha, na kwamba anasikitika kama watu wameipenda kazi ambayo haijakamilika. Mchoraji akirudi kugusa picha yake, nani atamkamata mkono? Ningekubali, kama picha ingekuwa ya mtu mmoja. Lakini Oscar ya uhariri wa filamu ile walipewa Marcia Lucas, Paul Hirsch na Richard Chew. Ya madoido ya picha walipewa John Stears, John Dykstra, Richard Edlund, Grant McCune na Robert Blalack, watu waliobuni kamera na kujenga vyombo vya anga kwa plastiki na gundi. Sehemu ya kazi iliyowapa tuzo hiyo ndiyo iliyofunikwa kwa kompyuta. Kilichokuwa nusu ya ndoto ya Lucas kilikuwa kazi kamili ya wengine.

Tena aliyewatetea watu hao vizuri kuliko wote ni Lucas huyo huyo. Machi 1988 alikwenda mbele ya Baraza la Congress la Marekani, pamoja na Steven Spielberg, kupinga mtindo uliokuwa umezuka wa kuzipaka rangi filamu za zamani za nyeusi na nyeupe. Aliwaita wanaobadilisha kazi za sanaa kwa ajili ya faida au kwa kuonyesha mabavu kuwa ni washenzi. Akaonya kwamba kesho teknolojia itaweza kuwaondoa waigizaji na kuweka sura mbichi zaidi, kubadili maneno wanayosema, hata kusogeza midomo yao iendane na maneno hayo mapya. Mwaka 2004, mwishoni mwa Return of the Jedi, roho ya Anakin Skywalker, baba yake Luke aliyegeuka kuwa Darth Vader, inapotokea kando ya Yoda na Obi-Wan, wazee wa Jedi, wapiganaji wa upanga wa mwanga, mzee Sebastian Shaw aliyeigiza uso ule mwaka 1983 hayupo tena. Amewekwa Hayden Christensen, kijana. Shaw alikuwa amefariki miaka kumi kabla. Mkuki kwa nguruwe.

Nitataja moja zaidi, kwa sababu ndilo linaloniuma. Katika filamu hiyo hiyo, Mfalme Palpatine anamchoma Luke kwa radi zinazotoka vidoleni. Luke anagaagaa sakafuni akimwita baba yake. Darth Vader amesimama kando. Mwaka 1983 hasemi kitu. Kinyago cheusi kinamtazama Mfalme, kinamtazama mtoto, kinarudi kwa Mfalme, kinarudi kwa mtoto. Hakuna macho ya kuyaona, hakuna mdomo. Mtazamaji anafanya kazi yote mwenyewe, anaweka ndani ya kopo lile jeusi kila anachokijua kuhusu baba na mwana, na ghafla Vader anainama na kumnyanyua bwana wake. Katika Blu-ray za 2011 Vader anasema "hapana". Kisha anavuta "hapaaana" ndefu. Ni kama mtu ameingia msibani na kipaza sauti kuwaeleza wafiwa kwamba wana huzuni.

Hapa mtu atanikata kauli: mbona Star Wars tangu mwanzo ni hadithi inayojisahihisha? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha mambo mawili ambayo mashabiki huyachanganya. Katika filamu ya kwanza Obi-Wan anamwambia Luke kwamba Vader ndiye aliyemuua baba yake. Mwaka 1980 Vader anasema: mimi ndiye baba yako. Huo ni mgeuko mkubwa kuliko wowote uliofuata. Usiri wake ulikuwa mkali kiasi kwamba David Prowse, aliyekuwa ndani ya vazi la Vader wakati wa kupiga picha, alipewa maneno ya uongo ya kusema, na ya kweli yakaingizwa baadaye kwa sauti ya James Earl Jones. Jones mwenyewe amesimulia kwamba alipoyasoma alidhani Vader anadanganya. Watazamaji nao waligawanyika hivyo hivyo, na wakakaa miaka mitatu bila jibu. Ukiwauliza watu wa umri ule urithi wa Star Wars ni nini, wengi hawatakutajia vita vya anga. Watakutajia ile miaka mitatu.

Lakini angalia namna mgeuko ule ulivyofanyika. Hakuna aliyerudi 1977 kumfuta Obi-Wan kinywa. Maneno yake yalibaki pale pale, yakiwa sasa ni uongo, na mwaka 1983 mzee alilazimika kujieleza mbele ya Luke: nilichokwambia kilikuwa kweli, ukikitazama kwa upande fulani. Ni utetezi wa ovyo, na Luke anaonyesha wazi kwamba ni wa ovyo. Ndiyo maana ni mzuri. Kosa la waandishi limekuwa kosa la mhusika, na Obi-Wan akageuka kutoka mzee mtakatifu hadi mzee aliyemdanganya mtoto wa watu kwa nia njema. Hadithi ilisonga mbele ikiwa na kovu lake usoni.

Hivyo ndivyo Rogue One ya 2016 ilivyofanya. Kwa karibu miaka 40 watu walidhihaki tundu lile la Nyota ya Kifo, silaha ya ukubwa wa mwezi inayolipuliwa kwa makombora mawili tu. Wangeweza kuigusa filamu ya kwanza. Badala yake wakaandika nyingine, wakampa fundi mmoja sababu ya kuliacha tundu kwa makusudi, na ghafla dhihaka ikawa sadaka ya mtu. Katuni ya The Clone Wars, iliyoanza 2008, iliifanyia kazi kama hiyo filamu ya 2005, Revenge of the Sith: ilituonyesha Anakin akiwa kamanda mcheshi, mwalimu, rafiki, ili anguko lake liwe na kimo. Kuongeza ni jambo moja. Kufuta ni lingine.

Na filamu isipofutwa, muda huifanyia yake. The Phantom Menace ya 1999 iliingiza zaidi ya dola milioni 900 na ikatukanwa kuliko filamu nyingi zilizofilisi wenyewe. Matusi hayakuishia kwenye skrini. Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar, alisema hadharani mwaka 2018 kwamba kashfa zile zilimfikisha kwenye ukingo wa kujiua. Jake Lloyd, aliyeigiza Anakin mdogo akiwa mtoto tu, alidhihakiwa akiwa shuleni. Anayesema ukatili wa mashabiki ulizaliwa na mitandao ya kijamii hakuwepo, au amejisahaulisha. Sasa sogeza mbele hadi Aprili 2025: Revenge of the Sith inarudishwa kwenye majumba ya sinema kwa miaka 20 yake, na katika siku za kwanza chache tu inaingiza zaidi ya dola milioni 25 Marekani na Kanada. Vijana wanatamka mazungumzo yake neno kwa neno, yale yale tuliyoambiwa hayatamkiki. Best naye alirudi mwaka 2023 katika The Mandalorian, safari hii akiwa Jedi mwenye panga mbili, ndiye anayemwokoa Grogu mdogo kutoka hekaluni, na watu walewale, au watoto wao, wakashangilia.

Hakuna aliyeitengeneza upya Revenge of the Sith ili ipendwe. Mazungumzo ya mapenzi bado yamekauka kama mbao, na Padmé bado anakufa kwa sababu isiyoeleweka kitabibu. Iliachwa, ikasubiri, ikapata watu wake.

Disney haikujaliwa subira hiyo. Aprili 2014, kabla ya kupeleka filamu yoyote sokoni, ilitangaza kwamba riwaya, katuni za karatasi na michezo ya miaka yote iliyopita haitahesabiwa tena kuwa hadithi rasmi. Vitabu vikabandikwa jina la "Legends" na kuendelea kuuzwa. Naelewa sababu: huwezi kuandika filamu ukiwa umefungwa na mamia ya riwaya. Lakini zingatia somo alilolipata shabiki aliyekuwa akinunua vitabu hivyo tangu Heir to the Empire ya Timothy Zahn mwaka 1991. Ameambiwa rasmi, kwa tangazo, kwamba kilichotokea kinaweza kutangazwa hakikutokea. Miaka mitatu baadaye anatia saini maombi ya kuifuta The Last Jedi, na sisi tunamshangaa ametoa wapi lugha hiyo.

Kuhusu filamu yenyewe, mimi nasema ni nusu ya filamu bora ya mfululizo huu na nusu ya safari isiyo na mahali pa kwenda. Mwongozaji Rian Johnson alimchukua Luke na kumfanya mtu aliyeshindwa na kujificha na aibu yake, na Mark Hamill hakuwahi kuigiza vizuri hivyo. Rey, shujaa mpya wa filamu hizi, akaambiwa wazazi wake hawakuwa watu wowote wa maana, jambo la kishujaa kuliko ukoo wowote wa kifalme. Halafu tukapelekwa kwenye mji wa kamari kukimbizana na farasi wa kubuni, na nusu saa ikapotea. Wakosoaji waliisifu, ikaingiza dola bilioni 1.33, na ikapasua nyumba. Kelly Marie Tran, aliyeigiza Rose, aliandamwa kwa ubaguzi hadi akafuta picha zake zote mtandaoni mwaka 2018. Mwaka huo huo mtafiti Morten Bay alichambua ujumbe uliotumwa kwa Johnson kwenye Twitter akaona takriban mmoja kati ya mitano ndio uliokuwa wa kuiponda filamu, na zaidi kidogo ya nusu ya hao waliokuwa wakiponda hawakuonekana kuwa mashabiki wa kawaida: walikuwa akaunti za programu, wachokozi, na watu wa siasa zao. Kelele zilikuwa kubwa kuliko umati.

Kampuni ilisikia kelele. The Rise of Skywalker ya J.J. Abrams, Desemba 2019, ni filamu ya kuomba msamaha, na sijui filamu nyingine ya gharama ile iliyotumia muda mwingi hivyo kufuta ubao. Rey asiye na ukoo anageuzwa mjukuu wa Palpatine, naye Palpatine aliyetupwa shimoni mwaka 1983 amerudi kwa maelezo ya sentensi moja. Luke anatokea akiwa roho, anaudaka upanga uliotupwa motoni, na kuonya kwamba silaha ya Jedi inastahili heshima zaidi, kama vile yeye si yule aliyeutupa majabalini filamu moja iliyopita. Na Rose, ambaye mwigizaji wake ndiye aliyestahili kutetewa kuliko wote, ana dakika moja na sekunde 16 kwenye skrini, katika filamu ya saa mbili na dakika 22. Waliomtukana walipewa walichokitaka, na hawakuridhika. Waliompenda waliona. Filamu iliingiza dola bilioni moja na kitu, na tangu hapo ikapita miaka bila filamu nyingine ya Star Wars kwenye sinema.

Huyo ndiye Han wa 1997 tena, kichwa kikisukumwa pembeni na mkono wa nje baada ya tukio kupita. Tofauti ni kwamba safari hii waliosukuma walidhani wanatii mashabiki.

Wanaoitetea Disney watanitajia Andor, nami nakubali kabla hawajamaliza sentensi. Tamthilia hiyo ya Tony Gilroy, misimu miwili, 2022 na 2025, haimwombi mtu radhi na haimsahihishi mtu. Inachukua watu ambao, kutokana na Rogue One, tayari tunajua watakufa, inawakalisha kwenye ofisi, kwenye gereza lenye sakafu ya umeme, kwenye mazishi ya mama mtu mzima anayewahutubia waombolezaji wake kwa picha ya mwanga, na inatumaini kwamba utabaki. Ni kazi bora ya Star Wars tangu 1980, nasema bila kutetemeka. Haikuhitaji kumgusa Han, wala Luke, wala mtu yeyote aliyekwisha kutamka maneno yake.

Juni 2025, Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilifungua tamasha lake la filamu za reli, mjini London, kwa nakala ya Technicolor ya Star Wars ya 1977, iliyotunzwa kwenye hifadhi kwa miongo minne. Maandishi yanayopanda angani mwanzoni hayakuwa na "Episode IV". Hilo liliongezwa 1981. Picha ilikuwa na punje na alama za umri. Mos Eisley ulikuwa mji mdogo wa vumbi, karibu mtupu. Na kwenye kona ya baa, Greedo aliongea, mkono ukashuka chini ya meza, moshi ukafuka mara moja tu. Han akainuka, akamrushia mwenye baa sarafu, akamwomba radhi kwa uchafu aliouacha, akatoka.